Jogoo Niliyemchinja Mwenyewe

Harufu ya manyoya ya kuku yaliyomwagiwa maji ya moto hainipi raha. Hata leo mjukuu wangu akinyonyoa kuku uani, mie hujitia nina shughuli chumbani. Kwa wenzangu hiyo ni harufu ya sikukuu. Kwangu ni harufu ya Temeke ya enzi za Mwingereza, nyumba za udongo na makuti, mihogo ikianza pale pale ua unapoishia. Baba alikuwa karani bandarini; yeye na mama walikuwa Wabondei kutoka Muheza, Wakristo wa kuzaliwa. Jirani yetu wa ubavuni alikuwa Bi Tatu, Mzaramo, na mumewe Mzee Shomari, muuza mkaa. Mama alipojifungua mdogo wangu, hana mama wala dada wa karibu, Bi Tatu ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto siku arobaini, bila kukosa hata moja. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, na sisi ndugu zetu walikuwa mbali kweli.

Ramadhani ikiingia, bakuli la futari lilivuka ua kila magharibi: muhogo wa nazi, tambi, siku nyingine kunde. Krismasi ilikuwa zamu yetu. Ili nao wapate kula, kuku wetu hakuchinjwa nyumbani. Alipelekwa kwa Mzee Shomari, akamwelekeza kibla na kumchinja kwa bismillahi, maana nyama isiyochinjwa hivyo kwao ni kibudu, haramu kuigusa. Baba hakuona tabu. Alikuwa akisema chungu ambacho jirani hawezi kutia mkono si chungu cha sikukuu. Hayo nimeyasikia tangu sijaota meno ya pili, kwa hiyo siwezi kusingizia utoto.

Mwaka nilipotimiza kumi na mbili nilikuwa kwenye mafundisho ya kipaimara. Amri zote nilizijua kwa kichwa na kichwa chenyewe kikavimba. Debe tupu haliachi kuvuma. Mwalimu wetu wa dini alituonya tusichanganye nuru na giza. Yeye alikuwa akizungumzia hirizi na waganga, lakini mie nikaibeba kauli yake mpaka kwa Mzee Shomari. Nikajiuliza kwa nini jogoo wa kuzaliwa kwake Bwana achinjwe kwa dua ya wengine. Basi asubuhi ya Krismasi mama aliponipa jogoo nimpeleke, nilipinda nyuma ya choo, nikaingia kwenye mihogo. Nikamkanyaga mbawa na miguu, nikamchinja kwa kisu cha jikoni, nikafanya ishara ya msalaba, nikajiona mtakatifu. Niliporudi mama akauliza kama Mzee hajambo. Nikamjibu hajambo, anakusalimu sana.

Adhuhuri nikatumwa kupeleka sinia la pilau, paja moja juu yake. Bi Tatu alikuwa ukumbini, mkekani. Hakuuliza nani kachinja. Angeulizaje, na miaka yote jibu ni moja? Alinivuta niketi, akasema bismillahi, akala. Nilimtazama akitafuna, nami nikamega pilau upande wangu. Alikwisha kula nusu ya paja Mzee Shomari aliporudi kutoka msikitini. Akatuangalia, akasema kwa utani, "Mwaka huu mmenisusa? Nimekaa barazani na kisu changu tangu asubuhi, jogoo simwoni."

Mkono wa Bi Tatu ukasimama juu ya sinia. Akaenda uani, nikamsikia akisukutua, tena na tena, kisha akijilazimisha kutapika. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akanishika kidevu.

"Mwanangu, ulikuwa hujui, eti?"

Alinifungulia mlango wa kuponea, na mie nikapita.

"Sikujua, bibi."

Akaniambia basi, yamekwisha, mama yako asisikie, ataumia bure. Sinia akaliosha mwenyewe, akanirudishia likiwa na ndizi mbivu ndani yake, kwa kuwa kwao chombo cha jirani hakirudi kitupu. Sijawahi kubeba mzigo mzito kama ndizi zile. Ramadhani iliyofuata futari ililetwa kama kawaida. Kabla ya kipaimara niliungama kwa padri kwamba nimeiba sukari, jambo ambalo hata sikulitenda, ilimradi nipate la kusema. Bi Tatu alifariki kabla ya Uhuru, nami nilikwenda mazikoni pamoja na mama, nikalia kuliko watoto wake. Watu wakanisifu kwa mapenzi.

Siku hizi mtaa wetu una kuta ndefu na vioo vimepandwa juu yake. Kuku hununuliwa wameshanyonyolewa, na sahani haitoki geti moja kuingia jingine. Majuzi vijana wa kanisani waliniomba niwasimulie jinsi Wakristo na Waislamu tulivyokaa kwa wema zamani. Nikawapa futari, siku arobaini za kukandwa, baba na chungu chake. Ya jogoo sikuyatoa. Wakapiga makofi, binti mmoja akanibusu mkono, akasema, "Bibi, watu wa zamani mlikuwa wema jamani." Nikaitikia asante. Ni kweli, walikuwa wema. Mie ndiye ambaye sikuwa, na bado napokea makofi yao.