Meda ya Madame Angèle

Madame Angèle alifundishaka kemia kule Pweto miaka kumi na moja. Vita ikamuvukisha ziwa na batoto babili na sufuria moja. Diplome ilibakia mu nyumba yenye iliungua. Hapa Nchelenge, upande wa Zambia, anauzisha mu soko chisense, tule tusamaki tudogo twa kukausha. Meza yake iko pembeni ya yangu.

Banafunzi ba sekondari bakajua ni mwalimu. Banakuja na makaye yabo ya kemia, bananusa samaki, banauliza.

"Madame, muunyu iko na kloro, na kloro inauaka batu. Juu ya nini haituue?"

"Kloro ikisha kuungana na sodiamu, haiko tena kloro. Sogea, unazibia bakiliya njia."

Nilibaambia banunue hata meda moja ya chisense kwanza. Bapi, hakuna mwenye alinunua!

Mwezi wa tano, direkta wa ile sekondari yabo, Ba Misheck, vile banamuitaka kwa heshima, akamuitisha. Diplome hana, basi afundishe somo moja mbele yake. Batoto bakielewa, kazi ni yake. Bakikosa, arudie samaki. Akaazima viatu vyangu.

Mu kilasi alibeba meda, ile kopo ya plastiki yenye siye bote ba soko tunapimiaka.

"Nani anahesabiaka chisense moja moja?"

Batoto bakacheka.

"Tunapima meda. Atomu nazo ni tudogo zaidi, donc tunapima mole. Mole moja ya kaboni ni gramu kumi na mbili. Mole mbili?"

Keren, wa meza ya mbele, akasimama. "Gramu makumi mbili na ine, na kidogo juu."

"Kidogo ya nini?"

"Mbasela, Madame."

Kilasi muzima ilikuwa imeisha kuandika vile. Na si makosa yabo: huku ukijaza meda bila kuongeza mbasela, ile ya bure ya juu, mukiliya anakutukana mupaka nyanya yako. Na mwenye kuongezaka kupita siye bote ni yeye Angèle.

Ba Misheck akamupa juma moja, kisha ajaribu tena.

Kesho yake akakuja ku soko na kijiti. Akajaza meda, akapitisha kijiti juu, chisense za juu zikaanguka mu beseni.

"Na mbasela?" Mama Clémentine, mukiliya wake wa kila siku, akauliza.

"Hakuna."

"Uko mugonjwa?"

"Batoto bananiangalia."

Kweli, Keren alikuwa anasimama pale na benzake, mama zabo balibatuma kununua samaki.

Nikamuambia, "Dada, utakufa njaa juu ya kaboni."

"Nikiongeza hapa, kule mu kilasi batasema ninadanganya."

Juma lote kijiti. Bakiliya bakapita kando, bengine bakatema mate.

Siku ya saba akarudia kwa Ba Misheck. Mole mbili? Makumi mbili na ine. Mole tatu? Makumi tatu na sita. Keren akajibu huku anapitisha mukono mu hewa, sawa vile kijiti.

Sasa anafundisha kila asubuhi. Viatu vyangu hajarudisha. Bakiliya bake bote bako kwangu, na ninabaongezea mbasela ya mukono muzima. Miye siko mwalimu.