Siku Binti Yangu Alipolipa Bei ya Kwanza

Nilijua binti yangu anaumwa siku aliponunua samaki aina ya sato kwa bei aliyotajiwa. Hakuguna, hakujifanya anaondoka, hakuomba hata dagaa wa nyongeza. Huyu ni mtoto aliyelelewa chini ya meza yangu ya mitumba pale Igoma. Alijua kupunguza bei kabla ya kujua kusoma.

Wiki hiyo hiyo alikuwa halali usiku, anaongea kama redio isiyozimika, na amealika mtaa mzima kwenye uzinduzi wa meli yake. Meli hatuna. Mtumbwi hatuna. Watu walikuja hata hivyo, mmoja na jogoo wa pongezi.

Hospitalini, daktari, mama mmoja mpole, alisema ni ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, na sasa zimepanda.

"Dawa zipo za aina kadhaa."

Nikasogeza kiti. Hapo sasa tunaelewana.

Risperidoni, akaeleza, hutuliza mapema, ila huleta njaa na unene. Lithiamu ni nzuri, ila damu ipimwe mara kwa mara na maji anywe ya kutosha. Valproeti, kwa msichana, madaktari huikwepa, maana akipata mimba inaweza kumdhuru mtoto.

"Daktari, ana miaka kumi na tano!"

"Atabaki na hiyo kumi na tano?"

Tukachukua ya kwanza, vidonge viwili kwa siku.

"Fanya kimoja," nikasema.

"Baba, hii ni dozi, siyo bei," daktari akasema.

"Kimoja na nusu?"

Binti yangu, aliyekuwa akiuhadithia mzani wa kupimia wagonjwa habari za meli, akageuka. "Baba, usinitie aibu. Mkubalie mama wa watu."

"Umemsikia, daktari?" nikasema. "Hali ni mbaya. Toa hivyo viwili."

Nyumbani nilihesabu vidonge, nikarudia kuhesabu, nikampa kama nilivyoagizwa. Usingizi ukarudi. Njaa nayo ikaja: yule jogoo wa uzinduzi hakumaliza mwezi. Kliniki iliyofuata daktari akampima uzito, akasema dawa iendelee, asiiache mwenyewe, na uzito ukizidi watabadilisha.

Tukitoka, tukapita kwa muuza samaki yule yule aliyemuuzia sato. Akataja bei. Binti yangu akamtazama sato, akamtazama muuzaji, akacheka kidogo, akaondoka zake. Akaitwa. Hakugeuka. Akaitwa tena, akarudi polepole, akataka bei ishuke na dagaa juu yake.

Mimi nilikuwa pembeni.

"Huyu ni mwanao?" muuzaji akaniuliza kwa hasira.

"Ndiyo," nikasema. "Ni yeye mwenyewe."