Hedifoni Zenye Stara

Juzi, kwenye duka la simu hapa Mocímboa da Praia, niliwakuta akina mama wawili wa kikundi cha tufo, ngoma ya wanawake ya kuimba na kucheza, wakichagua hedifoni. Walizijaribu kwa wimbo wao wenyewe, uliorekodiwa arusini.

Muuzaji alichomeka za bei kubwa kwenye amplifaya. Mama mmoja akazivaa, akafumba macho. "Mashallah! Namsikia kila mtu peke yake." Mara akakunja uso. "Huyu anayechelewa kuitikia ni nani?"

Mwenzake akatazama feni ya darini.

Mama akarudia wimbo, midomo yake ikiifuata ile sauti iliyochelewa, mpaka akatambua kuwa ni yake mwenyewe. Akazivua taratibu.

"Kaka, hizi mbovu."

"Mbovu? Dukani hakuna zinazozishinda!"

Akajaribu za bei ndogo, bila amplifaya. Mabega yakaanza kucheza. "Haya sasa! Hapa sote twaimba sawa."

"Tuchukue hizo hizo," akasema mwenzake, kicheko kimembana. "Zina stara."

Wajuzi wa sauti husifu kifaa kisichoficha kitu. Sidhani kama wamewahi kuimba kikundini.

Muuzaji akaninyooshea mimi zile za bei kubwa. Nikaikumbuka hotuba yangu ya arusini, iliyorekodiwa simuni mwangu.

"Nipe za stara," nikamwambia.