Bi Chupa, mpima maji anayewawahi wapishi

Saa kumi na moja na robo alfajiri, jiko la shule ya awali bado lina baridi. Mwanamke mfupi mwenye koti la mvua anaweka chupa ya lita moja chini ya koki ya sinki, anaifungulia polepole, na kuhakikisha hata tone la kwanza halipotei.

Nyuma yake amesimama mpishi wa shule, mikono kaibana kwapani. Haruhusiwi kugusa kitu. Jana usiku yeye mwenyewe alikifungua kishikio cha koki akaondoka nacho kwenye mkoba, asije akashawishika kuwahi asubuhi na kuosha japo kikombe kimoja; amekirudisha sasa hivi.

"Lile sinki lina vumbi, mwanangu. Niruhusu nilifute tu."

"Usiguse, mama. Bado kidogo."

Mlangoni yupo mtu wa tatu, kinyozi, baba wa mtoto anayesoma hapa. Amekuja kushuhudia. Mwandishi wa makala haya naye yupo, na usingizi wake, akitegemea walau chai. Hakuna chai. Maji hayajafunguliwa tangu jana saa tatu usiku, na leo ndiyo siku ambayo yakitoka vibaya watoto hawarudi shuleni Jumatatu.

Wenzake wa idara ya maji ya mji wanamwita Bi Chupa, na jina limemganda. Ana miaka arobaini na saba. Kumi na minne kati ya hiyo ameimaliza akizunguka kukusanya maji ya watu: hospitali, migahawa, shule, nyumba za kupanga. Kwa siku hujaza chupa ishirini hadi ishirini na tano, akazipanga kwenye kisanduku cha barafu na kuzifikisha maabara kabla ya saa sita mchana. Pikipiki ya ofisi ikigoma, kisanduku hupanda naye basi.

"Watu wanadhani nauza samaki," anasema. "Kuna mzee aliniuliza kilo bei gani, nikamwambia ni maji. Akahama kiti."

Wengine humkimbia wakidhani amekuja kuwakatia maji. Akigonga mlango, anasikia redio inazimwa. Nyumbani nako hapumui: mumewe, fundi viatu, akimwona ananusa glasi humwambia, "Kunywa bwana, huo si mtihani."

Ila kazi yenyewe haina mzaha. Chupa za vijidudu zina utaratibu wake: unaiunguza koki kwa moto, unaacha maji yatiririke dakika mbili tatu, ndipo unakinga. Kwa madini ni kinyume chake. Hapo yanatakiwa maji yaliyolala, yaani yaliyokaa kwenye bomba saa sita au zaidi bila mtu kuyafungulia.

"Majengo ya zamani yana viungo vya mabomba vyenye madini ya risasi," anaeleza. "Maji yakilala humo yanaichukua kidogo kidogo. Huioni, huinusi, na mdomoni haina ladha. Kwa mtoto mdogo inaenda kuharibu ubongo."

Kiwango cha juu anachokubali ni mikrogramu kumi kwa lita. Jiko hili lilikuwa likipata moja au mbili. Miaka mitatu mfululizo, mara moja kila mwaka, Bi Chupa alituma ujumbe siku moja kabla kwamba koki isifunguliwe, akaja, akakinga, akaandika: salama.

Mwaka jana pikipiki iligoma tena. Mwenzake wa zamu ya alfajiri akampa lifti, na kwa mara ya kwanza akafika shuleni dakika arobaini na tano kabla ya muda aliousema. Akakuta sinki linang'aa, koki imefunguliwa, na maji yanajaa kwenye ndoo.

"Nikamuuliza, mama, si nilisema msifungue?" anakumbuka.

Mpishi mwenyewe anamalizia, macho yake sakafuni. "Nikamwambia, sasa nikupe kiporo, wewe mgeni wa serikali? Yale ya kwanza yamelala humo usiku kucha. Namwaga kwanza, napiga sinki sabuni, akija anakuta maji mapya. Mkaguzi akija si unafagia?"

Bi Chupa akauliza ndoo ile inapelekwa wapi.

"Nikamjibu hatumwagi maji hapa. Ya ndoo nachemshia chai ya watoto, kama kila siku."

Miaka mitatu, basi, mgeni alipewa maji mazuri na watoto wakanywa yale aliyokuwa akiyatafuta.

"Nilikaa chini," anasema Bi Chupa. "Palepale, kwenye kiti cha mtoto, magoti yamenifika kidevuni. Sikuweza hata kumkasirikia."

Alirudi kesho yake kabla ya mpishi. Maabara ikasoma mikrogramu arobaini na tatu.

Mpishi hakuelewa mara moja. Maji aliyachemsha mpaka yakatokota, ndivyo alivyofundishwa, na kwa vijidudu alifundishwa vizuri. "Risasi haifi, mama, maana haikuwa hai," Bi Chupa alimwambia. "Maji yakipungua kwenye sufuria, yenyewe inabaki." Mpishi alikaa wiki nzima hawezi kuonja chakula chake mwenyewe.

Lawama ingeweza kuishia kwa mpishi. Ofisini walimshauri Bi Chupa aandike majibu mapya tu, yale ya nyuma ayaache. Akakataa. Fomu ina sehemu ya kujaza maji yamelala saa ngapi, na kila mwaka alikuwa ameandika nane.

"Sikumuuliza mtu. Nilituma ujumbe, nikaona imetosha. Yeye alikuwa anamheshimu mgeni. Mimi ndiye niliyeandika jambo nisilolijua."

Ndivyo alivyowaambia wazazi, mkutanoni, bila karatasi. Ukumbi ulichafuka. Kinyozi ndiye aliyesimama wa kwanza.

"Nilimuuliza, miaka mitatu umetuandikia salama, leo tukuamini kwa lipi?" anasema sasa, bila kuondoka mlangoni. "Akanijibu, msiniamini. Njooni mnione nikikinga. Nikasema haya, nitakuja. Alidhani natania."

Tangu hapo, kila Bi Chupa anapokuja kukinga, hajakosa hata mara moja. Binti yake ni mmoja wa watoto tisa waliopimwa damu wakakutwa na risasi nyingi. Watoto wote wakaanza kuletewa maji ya gari, na tangu hapo wale tisa wanarudi kupimwa kila baada ya miezi mitatu. Kwa binti huyo kiwango kimeshuka zaidi ya nusu. Daktari hajawaahidi kwamba hakuna kilichopotea, na baba mtu anasema afadhali hivyo kuliko kudanganywa. "Juzi kanisomea bango lote la saluni yangu. Akanionyesha na nilipokosea."

Likizo hii mabomba ya jiko yaling'olewa yote na kuwekwa mapya. Lita inayojazwa alfajiri hii ndiyo ya kwanza kulala ndani yake. Bi Chupa anafunga kifuniko, na safari hii kabla ya kuandika anageuka na kumuuliza mpishi, kisha kinyozi, koki ilifungwa saa ngapi. Wote wanasema saa tatu. Anaandika nane.

Majibu yanatoka Ijumaa mchana. Mikrogramu moja. Mpishi anaomba asomewe tena, halafu anakaa kwenye ngazi ya jiko na kulia kwa sauti, kanga imemfunika uso, huku Bi Chupa akimpapasa mgongo naye analia. Jumatatu shule inafunguliwa.

Bi Chupa hajamaliza. Kwenye kabati la ofisi amekuta fomu za shule nyingine thelathini na moja zenye majengo ya umri uleule. Zote zimeandikwa salama, na zote zina nane yake. Ameomba kuzirudia moja baada ya nyingine na mkuu wake ameridhia. Anatarajia kumaliza kabla mwaka haujaisha.

Hataenda peke yake. Ameiomba shule imwazime mpishi siku mbili kwa wiki, baada ya chai ya asubuhi.

"Mimi wakiniona na kisanduku wanasafisha sinki," anasema. "Huyu ni mpishi mwenzao. Watamwambia kweli."

Mpishi ameshakubali. Kilichomsumbua ni namna ya kuanza, maana hajawahi kwenda kwenye jiko la mtu na kumuuliza mambo yake. Amelifikiria siku mbili, na jibu analo.

"Nitaanza na yangu. Nitawaambia mimi kile kiporo niliwapa watoto kwenye chai, miaka mitatu, na nilikuwa nawapenda. Wakinicheka, tunapita shule inayofuata, hao tutawarudia. Wakinyamaza, mwanangu, ujue nao humwaga kwanza: kesho yake alfajiri lete chupa."