Nati ya Tatu

Kiwanda kilimtema Wasike mwaka wa 1993, kikabaki na masikio yake. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amesimama kando ya mashine za kukata mabati kule mtaa wa Baba Dogo, na hakuna mkubwa aliyewahi kumpa hata pamba ya kuziba masikio. Walipopunguza wafanyakazi, walimpa barua na mkono wa kwaheri. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa kabisa. La kulia liliokota neno hapa na neno pale, tena mara nyingi liliokota lililopinda.

Hakumwambia mtu. Mkewe Triza alijua bila kuambiwa, na bila kelele akajizoesha kuzunguka na kusimama mbele ya mumewe kila alipotaka kuzungumza naye, ili amsome midomo.

Kazi aliyoiangukia Wasike ni ya kutengeneza ekzosi, yale mabomba ya moshi wa gari, kando ya barabara mtaani Kayole. Sifa yake ilikuwa nati zilizoshikwa na kutu. Watu walisema ana dawa. Dawa gani! Alikuwa na mkono tu, mkono uliojifunza kusikia baada ya masikio kugoma. Lakini mvua ikinyesha alilala chini ya magari juu ya katoni huku maji ya matope yakimwingia shingoni, na kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua. Akiwa na miaka hamsini na mmoja, alitaka kitu kimoja duniani: kazi chini ya paa.

Ndipo Gichuru akamwita. Gichuru alikuwa na gereji Baba Dogo, yenye mabati juu na saruji chini, tena hatua chache kutoka kilipokuwa kile kiwanda.

"Mzee, kuna nati imewashinda hawa vijana wangu," Gichuru alimwambia uso kwa uso. "Ikitoka, tutaongea. Nafasi iko. Aliyekuwa hapa nimemwachisha juzi, masikio yake yalikuwa mabovu. Watu wanapiga kelele gari linashushwa, yeye yuko chini anapiga mluzi! Kiziwi chini ya gari ni maiti, na maiti mimi sitaki hapa kwangu."

Mafundi wakacheka. Wasike naye akacheka, na kicheko hicho kikamchoma rohoni kuliko matusi.

Gari lilikuwa pikapu kuukuu. Paipu ya ekzosi ilishikwa kwenye injini kwa nati tatu, na mbili zilikwisha kutoka. Ya tatu ilikuwa imekula kutu, halafu Ndambuki, fundi wa pale, akaivamia kwa nguvu mpaka akaimaliza kona zote. Bolti ikikatikia ndani, injini nzima ingefunguliwa. Wasike akaingia chini. Akaichonga nati kwa tupa, akaipigia spana ndogo zaidi, akaichoma kwa moto wa gesi mpaka ikaiva, kisha akaigusisha mshumaa ili nta iyeyuke na kupenya ndani. Halafu akaisukuma spana upande wa kulia.

Ndambuki alikuwa amechuchumaa akimwangalia. "Mzee, mbona unakaza? Si tunafungua?"

"Unakaza kidogo kwanza, ile kutu ikatike. Halafu ndiyo unalegeza."

"Mara ngapi?"

"Mara moja tu. Ukirudia umekata bolti."

Ndambuki akatikisa kichwa, akainuka. Wasike akabaki na nati yake, shavu la kulia likiwa karibu na saruji. Akageuza spana kushoto. Taratibu. Akaihisi ikisogea, kiasi cha unywele, na furaha ikampanda mpaka kooni. Wakati huohuo sauti ya Gichuru ikatoka juu, katikati ya kelele za nyundo na mashine ya kusaga chuma. Sikio likaokota: "Mzee, unataka kaza?"

Wasike akakasirika. Nani anamsemesha fundi wakati kama huo? Tena anataka akaze, bolti ikatike, aibu iwe yake? Akajibu kwa ile sauti ya mtu asiyejisikia akisema, isiyojua ukubwa wake:

"Sitaki! Hayo nimemalizana nayo! Mimi niache hivi!"

Nati ikatoka, bolti ikabaki nzima. Akajivuta nje, ameishika kwa kitambaa, anatabasamu kama bwana harusi. Gichuru hakuwepo. Mafundi walimtazama kama mtu aliyemtusi padri kanisani.

"Mzee, kwani umekosana na mdosi?" Ndambuki akamuuliza.

"Kwa nini?"

"Amekuuliza mbele ya watu wote kama unataka kazi. Umemfokea eti hutaki. Amesema una madharau, ukimaliza uende."

"Kazi," Wasike akasema polepole, akiipima ile herufi ya mwisho mdomoni.

Mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Gichuru alikuwa ameketi, amempa mgongo. Zilikuwa hatua ishirini, na maneno yenyewe yalikuwa mawili tu: bwana, sikusikia. Wasike alizipiga hatua tano akasimama. Baada ya maneno hayo angekuwa nani? Yule maiti wa chini ya gari, aliyechekwa asubuhi naye akicheka. Aliwachukia wote, Gichuru, kiwanda, na zaidi ya wote nafsi yake. Akachukua mfuko wake wa spana, akatoka, na sifa ya madharau akaiacha ibaki.

Alifika Kayole jua lingali juu. Triza alimpokea mlangoni, akasimama mbele yake kama kawaida.

"Baba Marion, wamesemaje?"

"Nati imetoka. Akaniuliza kama nataka kazi."

Uso wa Triza ukachangamka. "Ukamwambia?"

"Nikamwambia sitaki."

Alitaka kuendelea, amweleze ya kazi na kaza, pengine hata wacheke. Lakini Triza alikuwa amekwisha kugeuka. Aliinamia jiko, na kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kimteme mumewe, akasema naye akiwa amempa mgongo. Alisema kwa muda mrefu. Wasike aliyaona mabega yake yakipanda na kushuka, hakusikia hata neno moja, na hakumwomba arudie.