Bada ya Asnath na mama aliyekataa kushuka Handeni

Saa nne asubuhi jua la Chanika, mjini Handeni, limeshakuwa kali, na Asnath Habakuki ameshika mwiko kwa mikono miwili. Ndani ya sufuria kuna kitu cheusi, kizito, kinachovutika. Mtu asiyekijua angekimbilia maji akidhani chakula kimeungua.

Hakijaungua. Ndiyo bada yenyewe, ugali wa unga wa makopa, yaani muhogo mkavu, chakula ambacho Mzigua akikikosa siku mbili tatu huanza kulalamika kwamba hajala, hata kama kila mchana ameshiba wali.

“Ugali wa mahindi ukiusonga unakusikiliza,” anasema Asnath, jasho likimtiririka hadi kidevuni. “Bada haikusikilizi, inakuvuta wewe. Ukilegeza mkono tu yanaingia madonge, na wazee wa hapa wakiona donge wanasukuma sahani pembeni.”

Pembeni yake, kwenye kigoda, ameketi bibi mmoja mwembamba akimenya muhogo. Kisu chake hakina haraka. Huyu ni mama yake mzazi, Bibi Evodia, mwenye umri wa miaka 76, kutoka Bungu, kule juu kwenye milima ya Usambara wilayani Korogwe. Maumivu ya magoti yalipomzidi alishuka wiki iliyopita kutibiwa, na keshokutwa, Jumamosi, mwanawe Valentino anakuja kumchukua amrudishe mlimani.

Asnath hataki arudi. Miteremko ya Bungu imeshamshinda mama yake. Mwezi uliopita alianguka akitoka kuchota maji, akakaa palepale njiani mpaka jirani alipopita. Asnath anataka mama abaki Handeni, ale, apumzike, azeeke akiwa karibu naye. Amemwambia hivyo mara nyingi. Bibi Evodia hajasema ndiyo, wala hajasema hapana. Anamenya muhogo.

Jambo la kushangaza ni kwamba kabla ya wiki iliyopita, bibi huyu hakuwahi kukanyaga Handeni hata siku moja. Binti yake ameishi hapa tangu mwaka 2009. Alijifungua hapa, akabatiza mtoto hapa, akafungua mgahawa wake hapa. Kila mara mama alialikwa na kila mara alipata sababu ya kutokuja.

“Mara joto, mara mbu, mara kuku wake hawana wa kuwaangalia,” anasema Asnath, akicheka kidogo. “Mimi nikajua tu ananidharau kwa kuhamia kwenye ukame.”

Na ukame upo, hilo hakuna wa kulificha. Asnath alizaliwa kwenye ardhi ambayo maji huyasikia kabla ya kuyaona. Utoto wake anaukumbuka kwa baridi ya asubuhi, ukungu uliofunika migomba, na mchezo wa kuteleza mteremkoni wakiwa wamekalia magome ya migomba, mpaka sketi ya shule ikatoboka na kipigo kikafuata. Anamkumbuka pia bibi yake mzaa mama, Bibi Raheli, ambaye siku moja moja alijifungia kwenye kibanda cha shambani akapika kitu cheusi na kukila peke yake.

“Tukichungulia anatufukuza. Anasema ni dawa ya tumbo, watoto hawaruhusiwi,” anasema.

Alipoolewa na Dennis, fundi mwashi, kazi za ujenzi zikampeleka mume Handeni, naye akamfuata. Wiki ya kwanza alitaka kurudi. Alikuwa akitembea anahisi miguu yake haina kazi, maana kila mahali ni tambarare. Siku alipobishiwa hodi na kijana mwenye madumu ya maji kwenye baiskeli, akaambiwa dumu linauzwa, alidhani anataniwa.

“Maji, jamani! Nikamwambia kaka, kwetu mtu akiuza maji watu watamwombea. Akanitazama, akasema, dada, hapa usiponunua utaombewa wewe.”

Waliyepanga kwake ni Bi Zamda, mama wa Kizigua ambaye sasa ana miaka zaidi ya sabini, na ambaye bado huja mgahawani kila siku kukagua bada kama mkaguzi wa serikali. Ndiye aliyemfundisha Asnath kuipika. Lakini kabla ya kumfundisha, ilibidi kwanza amsamehe.

Kisa chenyewe bado kinasimuliwa mtaani. Bi Zamda alisafiri kwenda msibani akamwachia mpangaji wake gunia la muhogo, akamwomba awe anauanika juani kutwa na kuurudisha ndani jioni. Asnath alipofungua gunia alishtuka. Vipande vyote vilikuwa vimeota ukungu mweusi. Akamwonea huruma mama wa watu, kwamba amekwenda kulia huko na chakula chake kinaoza. Kwa moyo mweupe kabisa akachukua brashi na maji ya kununua, akasugua kipande kimoja kimoja mpaka kikawa cheupe pe. Vilivyokataa kutakata akawapa mbuzi.

“Nimerudi nakuta makopa yangu yameogeshwa,” anasema Bi Zamda, na hadi leo akikumbuka anashika kichwa. “Muhogo nimeuvundika mwenyewe chini ya majani, nikaungoja mpaka ukashika ule weusi. Ule weusi ndiyo bada! Huyu mtoto wa mlimani kausugua wote, halafu ananingojea mlangoni nimshukuru!”

Hakumfukuza. Alikaa kwenye kizingiti, akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu akamwambia mpangaji wake kwamba mtu mwenye bidii ya namna hiyo hawezi kuachwa hivihivi bila kufundishwa. Miaka mitatu baadaye Asnath akafungua mgahawa. Leo anauza sahani sitini hadi themanini kwa siku, shilingi elfu moja na mia tano ikiwa na mlenda, elfu mbili ikiwa na samaki. Akishalipa unga, samaki, kuni, maji na msaidizi, siku nzuri inambakizia kama elfu ishirini. Kwa pesa hiyo na ya Dennis wanamsomesha binti yao, Upendo, na nyuma ya nyumba wameshafyatua matofali ya chumba kimoja. Chumba hicho ni cha Bibi Evodia, akikubali.

Wateja wamemzoea kwa jina la Mshambaa. “Twende kwa Mshambaa,” ndivyo wanavyosema, na wageni hushangaa kuambiwa kwamba bada bora ya Chanika inapikwa na mtu wa milimani.

Ndivyo ilivyokuwa mpaka Jumanne ya wiki hii.

Siku hiyo Asnath alimpikia mama yake wali na maharage, akijua bada hataigusa. Bibi Evodia akautazama ule wali, akausogeza, akaomba anachokula Bi Zamda. Asnath akaanza kumweleza kwamba kile ni chakula cha huku, kina harufu, hatakiweza. Mama akanyoosha mkono tu.

Akapewa. Akanawa. Akamega tonge, akalichovya kwenye mlenda, akalizungusha mara moja kwenye ukingo wa bakuli kuukata ule utelezi, akalipeleka mdomoni bila kudondosha hata tone. Wapo wageni waliokaa Handeni miaka na hadi leo mlenda unawachorea michirizi kifuani.

Bi Zamda akaacha kula. “Nani kakufundisha kula hivyo?” akauliza.

“Mama yangu,” akajibu Bibi Evodia. Halafu akalia. Alilia huku anakula, Asnath anasema, na hakutaka kunyang'anywa sahani.

Alipomaliza ndipo akasimulia. Mama yake, yule Bibi Raheli wa kibandani, hakuzaliwa Bungu. Alizaliwa upande wa Sindeni, hapahapa Handeni, akiitwa Mwantumu. Kwa masimulizi aliyoachiwa Bibi Evodia, ulikuwa mwaka wa nzige. Mashamba ya huku chini yalibaki vijiti, na watu wakapanda milimani kutafuta chakula. Baba yake Mwantumu alimpeleka bintiye kwenye nyumba moja ya Bungu, akamwacha pale, akapewa vikapu viwili, kimoja cha mahindi na kimoja cha ndizi kavu. Makubaliano yalikuwa kwamba atarudi kumkomboa baada ya mavuno.

Mwantumu alikulia kwenye nyumba ile. Alibatizwa, akaolewa, akazaa watoto saba. Baba yake hakuonekana tena.

“Tukienda kisimani wenzangu walikuwa wananiita mjukuu wa vikapu viwili,” Bibi Evodia anamweleza mwandishi wa makala haya, kisu kikiwa kimetulia mapajani. “Mama alijua. Hakuwahi kufumbua mdomo. Siku za gulio alikuwa anashuka Magoma kununua makopa kwa siri, anakwenda kupika shambani. Mimi peke yangu alikuwa ananiita nile naye. Alipokufa, mimi na bada basi.”

Kwa nini hakuwaambia watoto wake?

“Aibu,” anasema. “Nikuambie nini kingine? Ilikuwa aibu ya mama yangu, nikaibeba. Nikasema nchi iliyomtoa mama yangu kwa chakula sitaikanyaga. Sasa huyu,” anamwonyesha Asnath kwa kidevu, “anakuja kuniambia mume wake kapata kazi, wanahamia Handeni. Nchi yote hii ilivyo kubwa! Nilikaa jikoni siku nzima.”

Asnath ameacha kusonga. “Mimi nilidhani unanidharau, mama.”

“Nilikuwa naogopa, mwanangu.”

Bi Zamda anaingilia kwa jambo ambalo amekuwa akilihubiri tangu Jumanne kwa yeyote atakayesimama kumsikiliza. Huko Bungu mtoto ni wa ukoo wa baba. Kwa Wazigua wa asili mambo ni tofauti.

“Kwetu sisi mtoto anafuata tumbo,” anasema. “Baba ni baba, anaheshimiwa, lakini ukoo ni wa mama. Haya, Mwantumu ni wa kwetu. Huyu dada yangu Evodia katoka kwenye tumbo la Mwantumu. Mama Upendo katoka kwenye tumbo la Evodia. Mgeni hapa ni nani?”

Kibwana, dereva wa bodaboda ambaye hakosi hapa mchana, anaweka kijiko cha pilipili chini. “Basi turudishiwe sifa zetu,” anasema. “Tulikuwa tunamsifia kwamba Mshambaa ameijua bada. Kama ni Mzigua, kuna ajabu gani?”

Watu wanacheka, na Asnath naye anacheka, ila macho yake yako kwa mama yake. Miaka kumi na sita amejifunza hapa kama mtu anayeazima. Anakiri kwamba bado hajui aliweke wapi jambo hili. “Nimeamka nikiwa mwenyeji,” anasema. “Lakini nikienda Bungu kesho, si ndiko kwetu vilevile? Kule ndiko nilikotobolea sketi.”

Kabla ya saa nane simu ya Bi Zamda inaita. Tangu Jumanne amekuwa akiuliza kwa wanawake wa ukoo ule alioutaja Bibi Evodia, ukoo ambao familia imeomba usiandikwe hapa mpaka wafike wenyewe kujitambulisha. Amepelekwa kwa huyu, akaelekezwa kwa yule, na sasa anayepiga ni Mzee Sabiri wa Sindeni. Bi Zamda anaweka sauti kubwa na kuisimamisha simu kwenye meza, katikati ya sahani.

Salamu zinachukua muda wake. Kisha mzee anasema kilichomfanya apige.

“Sisi kila tukisoma hitima ya ukoo tunawataja marehemu wetu,” anasema. “Mwisho kabisa tunamtaja Mwantumu, aliyepotelea mlimani. Mimi nimekua nikimsikia anatajwa. Ni mdogo wake bibi yangu mzaa mama. Hatujui kaburi lake, lakini dua yake hatujaiacha hata mwaka mmoja.”

Bibi Evodia amesimama. Ameshika ukingo wa meza.

“Shikamoo,” anasema kwenye simu.

“Marahaba, mama. Nani mwenzangu?”

“Mtoto wa Mwantumu. Nina swali moja. Baba yake alirudi kumfuata?”

Kuku wa jirani wanasikika.

“Hilo sikulisikia, mama,” anasema Mzee Sabiri taratibu. “Nisikudanganye. Huenda alirudi, huenda alikufa njiani, huenda aliona haya. Waliojua wameshakwenda. Ninalolijua mimi ni kwamba alitajwa.”

Bibi Evodia anaitikia kwa kichwa, kama vile mzee anaweza kumwona. Machozi yanamshuka na hayafuti.

“Basi waambie hakupotea,” anasema. “Alizaa watoto saba. Alikuwa na sauti nzuri kanisani. Na mjukuu wake anapika bada hapa Chanika.”

“Ijumaa ya wiki ijayo tuna hitima. Njoo uwaambie mwenyewe.”

“Mimi Mkristo, baba.”

“Wewe ni mtoto wa Mwantumu,” anasema mzee. “Tunakungoja.”

Simu inakatika. Wateja wamesahau chakula chao, na Kibwana anajifanya anatafuta funguo za pikipiki. Asnath amesimama na mwiko mkononi, bada ikimngoja, naye anaonekana kama mtoto anayesubiri kuambiwa kama ataachwa nyumbani au atachukuliwa.

Bibi Evodia anarudi kwenye kigoda chake, anakaa kwa shida, anaokota muhogo mwingine.

“Mpigie Valentino,” anasema. “Mwambie Jumamosi asinifuate. Aje Ijumaa ya wiki ijayo twende wote Sindeni. Na aniletee nguo zangu zilizobaki. Zote.”