Vipande vya Mwegea

Nimechoka kubishana juu ya pombe. Mimi na dada yangu tunapika ya asali huku Kinakomba, ya wazee wa posa na ya watu wa matanga. Vitu vyake ni vichache: asali, maji ya mto yaliyotulia, na vipande vikavu vya tunda la mwegea. Hivyo vipande ndivyo vinavyoumua. Mama alituachia vyake alipoacha kupika, naye aliachiwa na mama yake. Pombe ikiiva unavitoa, unavianika na povu lake lote, na safari nyingine unavirudisha mtungini. Havioshwi.

Mwaka jana dada aliipeleka kwenye mashindano ya wapika pombe wadogo pale Garsen. Majaji wakasema ni chungu, inanuka moshi, na rangi yake ni ya maji ya mafuriko. Nikamwambia wazee wa huku huinywa hivyo hivyo na kuomba nyingine.

"Wazee hawatoi zawadi," akanijibu. "Na usiniambie mwacha mila ni mtumwa, nishaisikia."

Tulilumbana hivyo shambani, mtoni, hata kwenye mazishi ya shangazi. Mwisho nikamwambia afanye atakavyo. Mtu huchoka.

Mwaka huu akapunguza asali, akatia sukari, akaiumua kwa hamira ya dukani, akaichuja mpaka ikang'aa. Vipande vya mwegea alivitaka vya kupamba meza tu, majaji waone asili ya kinywaji. Ili visinuke mbele za watu, akavichemsha na kuvisugua. Akashinda. Alirudi na cheti chake akicheka peke yake njiani, nami nilifurahi kumwona hivyo, sitasema uongo.

Wiki hiyo hiyo mama akaomba pombe yake. Siku hizi haoni vizuri, chakula anakionja tu na kukisukuma, lakini hiyo aliitaka. Tukakoroga asali na maji, tukatia vile vipande, tukauweka mtungi kando ya jiko. Asubuhi hapakuwa na povu. Tukaongeza asali, tukausogeza karibu na moto, tukangoja tena. Dada akainama na kutega sikio, maana pombe inayoumuka husikika. Kisha akakaa chini, palepale kwenye majivu.

"Nimeviua," alisema.

Sikuwa na nguvu ya kumlaumu. Tulikwenda kwa binamu zetu wa upande wa mama kuomba vipande vyao, tukaambiwa walivitupa walipookoka.

Nyumbani ilibaki chupa moja ya mashindano. Dada aliimimina kwenye kata ya mama, akampa kwa mikono miwili, na mimi nikakaa karibu. Mama alikunywa polepole mpaka ikaisha, akapangusa midomo kwa upindo wa leso.

"Tamu," alisema. "Mmeinunua wapi, wanangu?"